Mshale Ulionuka Omena

Siku ya tatu Nyasuguta akisifiwa, Maroa alihisi kama amemeza mchanga wote wa shimo. Yeye ametoka Suna, anachimba hapa nje ya Homa Bay tangu Januari, mgongo umeungua kama sufuria. Huyu dada amekuja juzi tu, na tayari akishika ncha ya jiwe ya watu wa kale anapima kitako chake, pale inapofungwa kwenye mti, kwa kidole: "Chembamba, huu mshale. Hiki kipana, mkuki." Daktari Elkana, mkubwa wa uchimbaji, anatabasamu kama bwana harusi.

Na Ijumaa Daktari angechagua mtu mmoja wa kukaa mezani, kivulini, kutambua silaha. Wengine, jua na sururu.

Maroa akatafuta jiwe jeusi, akalichonga hadi likatoka ncha safi ya mshale. Ili lizeeke, akalipaka masizi na mafuta ya kikaango cha omena, wale dagaa wa ziwani. Ijumaa asubuhi akalizika upande wa Nyasuguta. Aseme tu ni la kale! Maroa angelisugua mbele ya wote, masizi yatoke, aibu imwingie.

Nyasuguta akalifukua. Akapima kitako. Akalinusa.

"Daktari, huu ni mshale, lakini umekula omena."

Shimo zima likacheka. Daktari hakucheka. Aliligeuza juani.

"Mkono wa kuchonga hivi nimeutafuta mwaka mzima. Nataka ncha mpya tuzirushe kwa mzoga wa mbuzi, tuone zinavyovunjika, tulinganishe na za kale. Nyasuguta, kumbe ulikuwa unanipima? Umechonga wewe?"

Nyasuguta akafungua mdomo. Maroa hakungoja.

"Yeye achonge nini! Ni mimi! Si uone kidole!" Akainua kidole chenye plasta.

Ndipo akasikia alichosema.

"Na ukalizika?"

"Nilizika kidogo tu, Daktari."

"Wee Maroa! Uongo mmoja shimoni unaharibu kazi yetu yote. Humo huingii tena. Utakaa nje ya kamba inayozunguka shimo, uchonge. Meza ni ya Nyasuguta."

Sasa Maroa anachonga ncha kumi kwa siku. Nyasuguta anazipokea, na kabla ya kuandika ananusa kila moja.

"Kaka, leo tumekula nini?"

Maroa anageuza uso. Lakini juzi Job, mpishi wa kambi, alijaribu kuchonga moja, ikatoka kama kiazi. Nyasuguta akasema, "Si mbaya."

Siku hiyo Maroa alichonga kumi na tano, na chakula cha Job hakukigusa.