Mchai Uliosahauliwa

"Kitendawili!" Mwalimu Elmina wa Sunday School alisema mlangoni mwa kanisa, pale kijijini Boito.

"Tega!"

"Ndugu zangu wote hukatwa vichwa kila wiki mbili. Mimi nilisahauliwa, nikarefuka, nikachanua maua. Ukinitegua, ingia shambani ufuate vichipukizi vilivyoachwa virefu. Kuna boksi limefichwa chini yangu, na atakayelifikia, Mwalimu atalitaja jina lake mbele ya kanisa zima."

Watoto walikimbilia bustani ya maua ya pasta. Gesare peke yake ndiye aliyegeukia majani chai. Mchai usiochumwa si huwa mti?

Jina alilitaka kwa moyo wote. Tangu wahamie huku kutoka Kisii, watoto walimwita "mgeni" tu. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Yeye alishapewa jembe, na kikapu cha kuchumia juu yake, lakini kuitwa kwa jina, wapi!

Ukungu ulikuwa umelala shambani. Gesare alipita katikati ya michai kama anayevuka maji ya kiunoni, na dunia yote ikanyamaza. Kichipukizi kimoja hapa, kingine pale. Nyuma yake, mbali, wenzake walianza kufuata.

Hatimaye mti ukajitokeza, mrefu, maua meupe yakidondosha umande. Boksi lilikuwa pale pale. Akanyoosha mkono.

"Mgeni! Wewe mgeni! Hatuoni alama!" Ilikuwa sauti ya Chepkurui, mmoja wa wenzake, karibu kulia.

Gesare akaufungua mkono wake wa pili. Ulikuwa umejaa vichipukizi. Mkono wa mtoto wa mchumaji hauna adabu: ukiona kichipukizi kimesimama, unakichuma. Alama zote alikuwa amezichuma yeye, bila kujua.

Akalitazama boksi. Roho ilimuuma, tusidanganyane. Kisha akarudi, akipapasa vikonyo vibichi vilivyobaki pale alipochuma, hadi akamshika Chepkurui mkono.

"Kwani unaitwa nani?" Chepkurui akauliza, akijifuta kamasi.

"Gesare."

"Haki, Gesare, wengine wamepotea huko chini." Akageukia ukungu, akapaza sauti: "Nyinyi! Mwiteni Gesare! Anajua njia!"

Jina likaja kutoka bondeni, kutoka mtoni, kutoka kila upande ambao macho hayakufika: "Gesare! Gesare! Tuko huku, Gesare!"

"Naja!" Gesare akaitika, akashuka na Chepkurui kuzifuata zile sauti.