Mwizi wa Mafuta ya Motokaa

Motokaa ya Bwana Sasahivi ilishushwa kwenye gari moshi pale Dodoma ikiwa tayari imezeeka. Mdachi mmoja mwenye shamba huko Morogoro alikuwa ameitumia mpaka ikamchosha, akamwuzia mwenzake wa boma kwa furaha ambayo hakuweza kuificha. Asubuhi ilikohoa, mchana ilihema, na ikipanda kilima ililia kama ng'ombe anayezaa ndama wa kwanza. Lakini ilikuwa motokaa, na mjini hapakuwa na nyingine. Bwana Sasahivi aliipenda kama wanaume wengine wanavyopenda wake zao, yaani aliifokea kila siku na hakutaka mtu mwingine aiguse.

Jina lake la kwao lilikuwa refu, na ukilitamka ilikubidi ukohoe katikati. Watu wakaliacha. Wakamwita Sasahivi kwa sababu kila alichotaka alikitaka sasa hivi: chai, kodi, wapagazi, hata mvua.

Mlinzi wa motokaa alikuwa Nikodemo. Zamani alichunga punda wa boma. Motokaa ilipokuja punda wakauzwa, yeye akabaki na banda lile lile na harufu ile ile. Alikuwa Mgogo wa miaka arobaini na kitu, amebatizwa mwaka uliopita tu, na jioni alikaa benchi moja na watoto wa misheni akijifunza kusoma, magoti yake yakigonga meza. Aliomba kabla ya kula, kabla ya kulala, na kabla ya motokaa kuwashwa. Mustapha, dereva, alisema maombi mengine ni hiari, lakini hayo ya tatu ni ya lazima.

Mustapha alikuwa Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, na alijifunza kuendesha Dar es Salaam. Yeye na Nikodemo walikuwa watani, na utani wao haukupumzika hata siku ya Ijumaa wala ya Jumapili.

Sasa, injini za motokaa za siku zile zililainishwa kwa mafuta ya nyonyo. Ni yale yale ambayo Wagogo walijipaka pamoja na udongo mwekundu tangu mababu. Bwana Sasahivi alikuwa na pipa lake ghalani, na ufunguo wa ghala aliuvaa shingoni. Kila motokaa iliporudi safari, alitumbukiza kijiti kwenye tumbo la injini, akakitoa, akakitazama. Na kila mara mafuta yalikuwa yamepungua vidole vinne.

Akainama kutazama chini ya motokaa. Pakavu. Asubuhi akaja kutazama tena. Pakavu vilevile. Basi akakaa barazani akafikiri kwa kichwa chake cha shule. Mafuta hayawezi kuruka hewani. Sakafuni hayapo. Mlinzi ni Mgogo, na Wagogo hujipaka mafuta. Akasimama akiwa ameridhika kabisa.

Jumatano hiyo kulikuwa na ngoma ya harusi kwa kaka yake Nikodemo, na watu walikuwa wanang'aa. Bwana Sasahivi akafika na askari wanne, akasimamisha ngoma, akawapanga wageni mstari mmoja, akaanza kuwanusa mabega. Alinusa watu kumi na saba. Wote walinuka nyonyo, na hilo angeweza kuambiwa na mtoto yeyote bila kuchafua pua yake. Bibi mmoja mzee, aliponuswa bega mbele ya wakwe zake, aligeuka akamwuliza mwenye harusi kwa sauti ya kawaida mgeni huyu ataleta ng'ombe wangapi. Watu wakatazama chini. Mabega yalikuwa yanatikisika mstari mzima.

Lakini Nikodemo hakucheka. Bwana Sasahivi alikuwa amekwisha kutoa hukumu. Hamsa ishirini kwa mlinzi, Jumamosi saa mbili asubuhi mbele ya boma, isipokuwa mwizi awe ameletwa kabla ya saa hiyo. Shaushi, mkubwa wa askari, akafungua kitabu cha adhabu akaandika kwa wino.

Hamsa ishirini ni viboko ishirini na vitano. Nikodemo alikwisha kuwaona watu waliotoka kwenye benchi lile. Wengine walilala kifudifudi mwezi mzima. Hayo ya mgongo aliona angeweza kuyabeba. Lililomkaba ni kwamba mwalimu wa misheni angesikia kuwa mwanafunzi wake mwenye ndevu ni mwizi wa mafuta, na jina la ubatizo alilolipata kwa shida hivyo lingekuwa kichekesho cha soko. Akapiga magoti bandani, akamwomba Mungu amfunue mwizi. Akaondoka, akarudi, akapiga magoti tena. Akaongeza kwamba kama mwizi ni Mustapha, basi Mungu amfunue taratibu, maana ni rafiki.

Alhamisi alfajiri akamwuliza Mustapha uso kwa uso. Mustapha hakukasirika. Alimjibu kwamba Warangi hawajipaki mafuta mpaka nzi wateleze, wao huoga, na kama angetaka kuiba kwa Mdachi angeiba kitu kinacholiwa.

Nikodemo akamwamini. Ndipo akakumbuka baba yake. Marehemu alikuwa bingwa wa kufuata nyayo za ng'ombe walioibiwa, na alikuwa hamwulizi mtu ila ardhi. Nikodemo akavua viatu vya boma, akaifuata njia ya Kondoa, ile ambayo motokaa ilipita jana yake, ameinama kama mtu aliyepoteza sindano. Mustapha akamfuata nyuma akimwuliza kama motokaa ilikuwa dume au jike na kama ilikuwa na mimba.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Vumbi tupu, alama za magurudumu. Wakatembea karibu nusu saa mpaka pale njia inapoanza kupanda. Hapo Nikodemo akachuchumaa. Kwenye vumbi kulikuwa na kidonge cheusi, kidogo kama punje ya mtama, na siafu watatu wamekizunguka. Hatua mbili mbele, kingine. Kadiri njia ilivyopanda vidonge vilizidi, na vyote vilikuwa upande wa kushoto.

Mustapha akaacha mzaha. Akakichukua kimoja, akakifikicha, akakinusa.

"Nyonyo," akasema. "Mtani, hii motokaa inajikojolea."

"Ikisimama haikojoi," Nikodemo akasema. "Ikitembea baridi haikojoi. Mpaka ipate moto."

Basi wakajua kwamba mwizi yumo ndani ya motokaa, upande wa kushoto, na anatoka injini ikiwa moto. Lakini upande huo wote wa injini ulikuwa mweusi kwa grisi ya miaka, masizi na manyoya ya punda. Hata mafuta yangetoka sehemu kumi usingeona moja. Nikodemo akarudi nyumbani amenyong'onyea. Akamwambia mkewe kwamba Mungu amejibu nusu.

Mkewe, Dorkasi, alikuwa anapepeta uwele. Hakuacha kupepeta. Alimwuliza, kibuyu cha maziwa kikimvujia, yeye humtafuta nani, Mdachi? Kibuyu huoshwa, kikaanikwa, kikapakwa jivu jepesi kote, kisha kikatiwa maziwa. Hukitazami kibuyu. Unatazama jivu. Lililolowa linakwambia ufa uko wapi, na linakwambia kabla hujamaliza kupiga miayo.

"Hii ni injini, Mama Zipora," Nikodemo akasema. "Imetoka Ulaya."

"Na mimi jivu langu limetoka jikoni. Litamwogopa nani?"

Ijumaa Bwana Sasahivi alikuwa stesheni akiwafokea watu wa reli, na Mustapha alitumwa kupeleka barua kambi ya barabara. Walikuwa na muda. Wakachemsha maji na majivu ya magadi, wakaisugua injini mpaka ikaonyesha rangi ambayo hata Mustapha hakuwahi kuiona. Wakaikausha kwa jua. Kisha Nikodemo akachukua jivu laini la mkewe, lililochekechwa kwa kitambaa, akalipuliza kidogo kidogo kutoka kiganjani mpaka upande wote wa kushoto ukawa mweupe kama uso wa mtoto aliyeiba unga. Akaomba. Mustapha akawasha.

Walipopanda kilima, Nikodemo alikuwa amelala kwenye ubao wa pembeni, kofia imeruka, jivu lote la ziada liko machoni pake. Kitambo hakuona kitu. Injini ikaanza kulia. Halafu, katikati ya ule weupe, chini ya kifuniko cha chuma kilicho ubavuni mwa injini, likatokea doa. Likawa ulimi. Ulimi ukashuka, ukadondosha tone barabarani, ukatoa jingine. Akampigia Mustapha kelele asimame, naye akasimama ghafla mno, mtu wa ubaoni akaangukia kichakani.

Kifuniko kile ndicho alichokataza Bwana Sasahivi kiguswe. Alikifungua na kukifunga yeye mwenyewe, Jumapili moja watu wakiwa kanisani, akajisifu juma zima kwamba kazi ya Mdachi haina kasoro. Mustapha akatoa spana. Wakakifungua. Kati ya kifuniko na injini kulikuwa na kipande cha ngozi cha kuzibia, kimekatwa vizuri na kuzungushwa kwa uangalifu. Nikodemo akakiinua juani. Kwenye pembe ya chini kilikuwa na tundu la mviringo, na umbali wa kidole kutoka hapo kulikuwa na tundu la pili lililokatwa nusu.

Mustapha akakipokea, akapitisha ncha ya kidole tunduni.

"Huu ni mkanda wa suruali," Mustapha akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Bwana Sasahivi alikuwa amekata mkanda wake mkuukuu, na akaliweka tundu la bizimu pale pale pa kuzibia. Mafuta yakiwa baridi yalilala chini yake kwa heshima. Injini ikipata moto na kuyarusha, yalipita tunduni kama watu wanaotoka mlangoni.

Mustapha akashauri kwamba wakate ngozi nyingine, wafunge, wanyamaze. Jumamosi waseme ni shetani, Wadachi wanapenda kusikia kwamba Waafrika wanaogopa mashetani. Nikodemo akatikisa kichwa. Mafuta yakiacha kupungua baada ya yeye kuhukumiwa, ndipo mwizi atakuwa yeye kweli. Na tena hukumu ilisema mwizi aletwe. Wakakata ngozi mpya ya ng'ombe isiyo na tundu, wakailoweka kwenye nyonyo, wakaifunga. Kile kipande cha mkanda Nikodemo akakitia mfukoni.

Usiku huo aliomba Mungu ampe maneno. Hakupewa hata moja.

Jumamosi saa mbili benchi lilikuwa nje ya boma. Watu wa harusi walikuwepo wote, na yule bibi mzee amekaa mbele. Bwana Sasahivi akatoka, akauliza mwizi yuko wapi. Nikodemo akasimama mbele yake, akaingiza mkono mfukoni, akakiweka kipande kile juu ya benchi kwa upole kama mtu anayemlaza mtoto.

"Huyu hapa, bwana."

Akaeleza kila kitu, kwa sauti ya chini, kutoka vidonge vya vumbi mpaka jivu. Hakusema nani aliyekikata. Hakuhitaji. Herufi mbili za jina la bwana zilikuwa zimechomwa kwenye ngozi ile kwa chuma, na Nikodemo alikuwa amekilaza kwa upande huo kikitazama juu. Alikuwa amekwisha kufikia herufi hizo darasani.

Bwana Sasahivi akakiinua kile kipande. Uso wake ukawa mwekundu, ukawa mweupe, ukawa mwekundu tena. Akaenda mwenyewe kwenye motokaa, akatumbukiza kijiti, akakitoa. Mafuta yalikuwa pale yalipotiwa jana. Akasimama amewapa mgongo watu wote, na kwa mara ya kwanza tangu aje Dodoma alionekana hana haraka.

Hapo shaushi akakohoa. Alikuwa mtu wa utaratibu, amefundishwa na Wadachi wenyewe.

"Bwana, na zile hamsa ishirini? Zimekwisha kuandikwa."

"Andikwa?"

"Kwa wino, bwana. Adhabu ya mwizi wa mafuta."

Bwana Sasahivi akatazama kitabu. Jina liliweza kusahihishwa, lakini kufuta adhabu kwenye kitabu cha serikali lilikuwa jambo lisilowezekana. Afadhali kufuta mlima. Kilikuwa kinakaguliwa. Akatazama benchi, akatazama kile kipande mkononi mwake. Akakirudisha kwenye benchi, akakinyoosha, akarudi nyuma hatua mbili.

"Imeandikwa," akasema. "Lazima piga."

Basi shaushi akakunja mikono ya shati. Akaamuru askari mmoja akishike kile kipande upande huu na mwingine upande ule, kama inavyotakiwa, akakipiga mkanda wa Bwana Sasahivi hamsa ishirini, akihesabu kwa sauti. Hakuna aliyecheka. Watu walisimama wima kama wako kanisani, wengine wameuma nguo. Kipigo cha kumi na nane shaushi akakiita ishirini, kwa uchovu au kwa huruma.

"Kumi na nane," Nikodemo akasema. Haki ni haki.

Shaushi akamshukuru, akarudi kwenye kumi na nane, akaendelea mpaka mwisho. Kisha akafungua kitabu akalikata jina la Nikodemo kwa mstari mmoja ulionyooka. Akashika kalamu tayari, akauliza kwa adabu aandike jina gani badala yake, na kwenye nafasi ya kabila aandike nini.

Bwana Sasahivi akamnyang'anya kalamu, akaandika mwenyewe kitu kifupi, akafunga kitabu, akaingia ofisini. Mlango haukupigwa kwa nguvu. Ulifungwa taratibu sana.

Nikodemo akaondoka kwa heshima, hatua za kawaida, mpaka alipolipita banda. Nyuma ya banda akapiga magoti ili ashukuru, na alipofumba macho akauona mkanda ule ukishikwa miguu na mikono. Kicheko kikamkamata tumboni. Alicheka mpaka paji la uso likagusa ardhi, machozi yanatiririka, hapati pumzi ya kusema hata neno moja kwa Mungu wake. Dorkasi akaja akimtafuta, akamkuta hivyo, analia, mabega yanamtikisika. Akafunga kanga vizuri, akapiga magoti kando yake, akasema amina.