Vidole Viwili vya Akiba

...nikate au nikunje, mwalimu, fundi anauliza kwa mara ya pili, kapiga magoti, pini midomoni, na mwalimu anajitazama kwenye kioo ndani ya koti lake la buluu, koti la miaka kumi na tisa, mabega yameteremka kana kwamba kaliazima kwa dada yake mkubwa, na swali lenyewe dogo tu, mtu angejibu huku anapiga miayo, kikikunjwa kile kitambaa cha ziada kitabaki ndani na koti litavimba kiunoni, kikikatwa litamkaa sawasawa lakini halitapanuka tena, akinenepa imekula kwake... akinenepa, daktari hakusema atanenepa, daktari alisema tutaona, na Mama, si tununue jingine tu, anasema binti yake kwenye benchi, macho kwenye simu, jingine, mtoto huyu hajui, nguo saba kwa miaka ishirini, moja moja, kila kitambaa alikichagua kwa kukipapasa huku amefumba macho, zote kashona fundi huyu huyu, mpaka wanafunzi wakiiona buluu ile ng'ambo ya uwanja wanaingia darasani wenyewe, na marehemu mume wake alikuwa akimtania, wewe ukipotea nitatangaza nguo, sura watu hawaikumbuki... na fundi siku ya kwanza alimpindulia mshono akamwonyesha, vidole viwili vya kitambaa cha akiba kila upande, mwalimu, mimi simshonei mtu alivyo leo tu, na kweli, alipata ujauzito akapanuliwa, akajifungua akapunguziwa, basi kunja, atasema kunja, koti livimbe linavyotaka, atarudi kulijaza, na mkono wake unateremka wenyewe kwenye gauni alilovaa ndani, la kijivu, jipya, kashonewa mwezi jana, unapapasa mshono wa ubavuni kutafuta vile vidole viwili... hakuna, unahamia ubavu wa pili, ukingo mwembamba tu, kasahau, lakini huyu hajawahi kusahau, labda kitambaa kilipungua, hapana, ilibaki mita nzima, alimrudishia mwenyewe kaikunja vizuri, mwezi jana, kabla hata ya majibu ya hospitali, mikono hii ya fundi ilimzungushia futi kamba ikajua, ikanyamaza, ikamshonea mtu alivyo leo, na neno kunja limemkauka mdomoni, anamtazama fundi kwenye kioo, fundi anaangalia sakafu, Mama, mjibu basi, anasema binti, fundi wa watu anasubiri.