Bundi wa Nagi

Mama Nagi aliomba kitu kimoja tu, na alikiomba wazi, mlangoni pa shule, begi la mwanawe amelikumbatia.

"Mwalimu Orie, nina ombi. Maonyesho ya vuli yakiisha, nataka niende nyumbani na kitu alichokifanya Nagi kwa mkono wake. Hata kiwe kibaya. Hata kiwe takataka, mradi ni mkono wake."

"Aa, mama Nagi, usiseme hivyo!" Orie akacheka, akainamisha kichwa. "Tutamtengenezea kitu kizuri."

"Kizuri sikitaki. Nataka chake."

Orie akainamisha kichwa tena. Sasa sikiliza vizuri, maana kisa chote kimelala hapa. Kwetu huku milimani Nagano, mtu akikuletea zawadi ya yeni elfu hamsini anakwambia ni kitu duni, kipokee hivyo hivyo. Akikukaribisha mezani, sahani zimepangana hadi ukingoni, anakuomba radhi kwamba hakuna chakula. Tumezoea kuyageuza maneno ya watu kabla ya kuyameza. Kwa hiyo mama alipoomba kibaya, Orie alisikia kwamba mama wa watu ana adabu zake, anaona haya kuomba kizuri. Miaka kumi na tisa anawahudumia watoto wasiosema, anajua kila mguno una maana gani, halafu anakuja kushindwa kumwelewa mtu mzima aliyesema kwa mdomo wake! Asiyejua maana haambiwi maana.

Nagi alikuwa na miaka minane. Hakuwa akisema, na hakuwa akigusa kitu. Mikono yake ilikaa ndani ya mikono ya sweta, ngumi zimefungwa, kiangazi na masika. Alilishwa kwa kijiko. Barabarani mama yake alimshika kwa nguo. Na mama huyo figo zilikuwa zimemchoka, mara tatu kwa wiki analazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, mume hana, ndugu hana. Ilishaamuliwa kwamba mwezi wa Machi Nagi atapelekwa kwenye kituo cha bweni, Aomori, safari ya siku nzima. Mama alitaka abakiwe na kitu. Basi.

Darasa lao lilikuwa la watoto sita, na vuli ndiyo ilikuwa sikukuu ya Orie. Aliokota majani makavu magunia kwa magunia, akayamwaga kwenye beseni la plastiki, watoto wakayakanyaga peku. Mbegu za mwaloni alizichemsha kwanza, funza wasije wakatambaa darasani, kisha akawamwagia watoto mapajani zikiwa bado na uvuguvugu. Wenzake Nagi walipiga kelele kwa furaha, mmoja akajilaza kabisa ndani ya beseni akakataa kutoka. Nagi alisimama dirishani, wiki ya kwanza, ya pili, ya tano.

Alhamisi moja ya Novemba, Orie alikuwa akisaga majani makavu ndani ya bakuli kwa kiganja, kwarakwara, kwarakwara. Nagi akageuza shingo. Akasogea. Mkono mmoja ukachomoza kwenye sweta, mweupe kama mzizi, ukaingia kwenye gundi, ukaingia kwenye unga wa majani, ukatua juu ya kadibodi. Kiganja kizima, vidole vyote vitano! Akakandamiza mara tatu, akaurudisha mkono wake ndani. Orie alikwenda kwenye sinki, akafungua bomba mpaka mwisho ili watoto wasimsikie akilia.

Jioni mwalimu kiongozi wa darasa, bwana Kusunoki, alipita kukagua ukuta wa maonyesho, ambako kila mwenzake Nagi alikuwa na bundi wake wa majani.

"Hii nini? Uji?"

"Ya Nagi, mwalimu. Kagusa mwenyewe! Mara ya kwanza!"

"Hongera, kweli hongera. Lakini hebu simama hapa uangalie. Bundi watano na tope moja." Ndiyo, bundi, kwetu huku bundi ni kheri, usinishangae. "Kina mama wote watakuja Jumamosi. Mama yake atasimama mbele ya tope lile, wenzake wanamtazama kwa jicho la pole. Unamtakia aibu hiyo, dada Orie?"

Hakuamuru. Niseme ukweli, hakuamuru kitu. Alivaa koti lake akaenda zake. Orie ndiye aliyebaki, na Orie ndiye aliyechukua rula. Kadibodi zilikuwa sita kamili, ya ziada hakuna. Akakwangua lile tope hadi kadibodi ikawa safi, maana hakuwa mtu wa kufanya kazi nusu nusu, akapanga majani ya manjano ya mti wa mginko yakawa mbawa, vikombe vya mbegu za mwaloni vikawa macho. Bundi mzuri, haki ya nani, mzuri kuliko wote ukutani. Chini akabandika karatasi: Nagi, miaka minane. Nimejitahidi sana. Alikwenda kulala moyo mweupe, akijiona kamsitiri mtu.

Jumamosi kina mama walijaa ukumbini na ndara za wageni, viatu vyao wameviacha mlangoni, kila mmoja anamsifia mtoto wa mwenzake na kumponda wa kwake. Mama Nagi alifika wa mwisho, uso umepauka, Nagi pembeni yake. Akasimama mbele ya bundi. Akasimama sana.

"Kafanya mwenyewe?"

"Kajitahidi sana," alisema Orie.

"Sikuuliza kujitahidi, mwalimu. Nimeuliza mkono."

Orie akainamisha kichwa. "Ya kwake ilikuwepo, mama Nagi. Lakini ilikuwa majani yaliyosagika tu, kiganja, haikuwa na umbo. Nikaona... nisikutie aibu mbele za watu."

"Kiganja?"

"Alibandika kiganja."

"Nagi? Alifungua mkono?"

"Alifungua. Wote."

"Kiko wapi?"

Macho ya Orie yakaenda kwa bundi.

Mama Nagi akaishusha kadibodi ukutani, akapiga magoti palepale sakafuni, akaanza kumbandua bundi kwa kucha. Jani la kwanza, la pili, bawa zima. Macho yakang'oka, yakabingirika hadi kwenye ndara za watu, na hakuna mama aliyethubutu kuyaokota. "Mama Nagi, tafadhali, inuka," mmoja alinong'ona. Hakuinuka. Alibandua mpaka kifua, mpaka kadibodi yenyewe, akaisogeza dirishani kwenye mwanga, akaipapasa kwa kidole, huku na huku. Ilikuwa imekwanguliwa vizuri. Hata chembe haikusalia.

Orie akakimbilia darasani, akarudi na bakuli la majani na chupa ya gundi, akaanguka mbele ya mtoto. "Nagi, mwanangu, tena! Mara moja tu, mwonyeshe mama. Kwarakwara, unasikia? Njoo, Nagi, nakuomba!" Akasaga na kusaga. Nagi alitazama dirishani, sweta limevutwa hadi chini ya ncha za vidole. Orie akanyoosha mkono kulikunja lile sweta.

"Mwache," alisema mama yake.

"Atafanya, nipe dakika..."

"Mwache, mwalimu. Alishatoa."

Kisha akaokota majani moja moja, akafuta sakafu kwa leso yake, akasimama akawaomba radhi kina mama wote kwa usumbufu. Mbele ya Orie aliinama zaidi kuliko alivyowainamia wengine, mgongo wote, akamshukuru kwa wema wake wa miaka yote. Laiti angemzaba kofi! Orie alilisubiri hilo kofi, alilitamani. Lakini mama Nagi alikuwa ameshamaliza kusema naye. Alimfunga mwanawe vifungo vya koti, kimoja kimoja, wakatoka, na kadibodi tupu ikabaki juu ya kiti.