Mkeka wa Leonia

Athanas alimpenda mkewe hata pale asipoelewa anaimba nini, na hiyo si kazi ndogo kwa mpuliza saksafoni. Leonia alikuwa na wimbo wa mistari miwili tu. Miwili! Waimbaji wengine wa jazi walihitaji beti sita kumsifu mchumba mmoja. Yeye alifundwa na Mama Ramila, jirani yao Mhindi mwenye duka la vitambaa, aliyeketi mkekani na kinanda chake kidogo akimfundisha kuivuta sauti moja, "saaa", mpaka chai ipoe.

Januari, kiongozi wa bendi, hakutaka kusikia.

"Shemeji, watu wanakuja kucheza," alisema. "Nakupa wimbo mmoja Jumapili. Wasipocheza, usiniombe tena."

Jumapili hiyo, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, ukumbi wa Majengo ulifurika tangu alasiri. Zamu yake ilipofika, Leonia alitandika mkeka katikati ya ukumbi, akavua viatu, akaketi, akajitanda kanga. Lo! Athanas akajua mambo yameharibika. Pale Moshi, mwanamke akiketi chini namna ile katikati ya watu, maana yake ni moja: amefiwa.

"Masikini, kapata habari sasa hivi," mtu alinong'ona.

Mama Epifania, muuza ndizi za kuchoma mlangoni, aliacha jiko lake akaja kuketi kando ya Leonia. Wanawake wengine wakafuata, viatu mkononi. Wanaume wakavua kofia. Januari akajishika kichwa.

Leonia alifumba macho, akaimba:

"Mlima umejifunika;
mama, nami nifunike."

Basi. Akarudia, akiivuta ile "mama" taratibu, akiipandisha, akiiteremsha, na Athanas akimfuata kwa sauti moja ya chini. Hakuna aliyekohoa.

Alipomaliza, Januari alikuja mbio. "Umeona? Hakuna hata mmoja aliyecheza!"

"Ngoja kwanza, baba," alisema Mama Epifania, akijifuta machozi kwa pindo la kanga. "Pole sana, mwanangu. Aliyefariki ni nani?"

"Hakuna, mama. Ni wimbo tu."

Athanas alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Basi nimemlilia mama yangu," alisema Mama Epifania. "Siku tuliyomzika sikupata nafasi. Nilikuwa jikoni, nawapikia waombolezaji."

Januari akainama, akavua viatu, akatafuta pa kukaa.

"Imba tena, shemeji," alisema.