Mchukiwa wa Laini Yetu

"Mchukiwa wewe!" Njambi alifoka pale bombani, debe lake likifurika bila yeye kuona. "Laini nzima haikupendi!"

"Laini nzima ndiyo nani?" Wilkister alishika kiuno. "Hizi kuta? Taja majina, mama!"

"Nikianza kutaja tutalala hapa."

Sisi wengine tulisogea karibu. Katika laini, ile safu ya nyumba za vibarua wa kahawa pale Mugutha, mwaka wa hamsini na nane, ugomvi wa bombani ndio ulikuwa redio yetu, na huu tuliujua ulikoanzia. Gathogo, kaka yake Njambi, alikuwa ameoa huko Thika na anatafuta nyumba. Zetu zote zilikuwa zimejaa. Ya Wilkister ilipakana na ya Njambi, na ndiyo aliyomtakia kaka yake.

Balaa ni kwamba Mbuvi, nyapara wetu, alikuwa anapita.

"Mtu akichukiwa na laini nzima, kazi yangu inaharibika," alisema. "Kesho mkitoka kanisani nitauliza watu. Ikiwa ni kweli, mama, utafunga mizigo."

Wilkister akanyamaza. Hapo ndipo tulipoogopa, maana mdomo ule haukuwa na likizo. Alikuwa mjane na binti mdogo, Apiyo, na kule kwao Nyanza shemeji zake walikuwa wamelima hadi mlangoni pake, hana pa kurudi.

Jumapili ilikuja na manyunyu ya Julai. Tulisimama bombani na nguo zetu za kanisa, hakuna aliyebaki nyumbani. Nani angekosa?

"Haya," Mbuvi akasema. "Nani anamchukia huyu mama?"

Njambi akamwona Jared, jirani wa upande wa pili. "Sema, Jared! Si wewe ulilia juzi kwamba hakuachi ulale?"

"Nililia, ndiyo," Jared akasema. "Anaimba jogoo hajaamka. Na sauti yenyewe, yawa, kama mlango wa stoo!"

Watu wakacheka. Wilkister akainamisha kichwa.

"Kwa hivyo unamchukia," Mbuvi akasema.

"Bwana Nyapara, ananiudhi. Kuudhi ni kuudhi. Lakini leo asubuhi kuni zangu zilikuwa mbichi, nikaenda kwake nikapewa kaa la moto. Mtu unamchukia, halafu unapikia watoto wako uji kwa moto wake?"

Kila mtu akatazama chini. Wilkister ndiye aliyetutangulia kuamka, na gogo lake halikuzimika msimu mzima wa mvua. Kumsema, tulimsema mpaka mate yakakauka. Lakini kukipambazuka, tulipanga foleni mlangoni pake na vigae vyetu vya kuchukulia makaa.

Mbuvi akajikuna kidevu. "Basi niulize hivi. Nani leo amepika kwa moto ambao haukutoka kwa huyu mama? Ainue mkono."

Hakuna mkono ulioinuka. Mzee Ndung'u, ambaye huwa hasemi neno, akanyoosha fimbo yake kuelekea paa la Njambi. Moshi ulikuwa unatoka, mzito na wa kupendeza.

"Na ule moshi, mama," aliuliza polepole, "umewashwa na malaika?"

Ngai! Tulicheka hadi tukashikana mabega. Njambi alivuta shuka lake usoni.

"Kaa moja tu," alinong'ona. "Nilichukua kaa moja tu."

"Huyu si mchukiwa," Mbuvi akasema. "Mchukiwa ni yule ambaye hata moto wake watu wanaukwepa. Mama, rudi nyumbani kwako. Gathogo atafute pengine."

Vigelegele vilipanda hadi kwenye mikahawa. Wilkister alianza kuimba palepale, kwa ile sauti ya mlango wa stoo, na Jared akamwitikia kwa nguvu zaidi. Tulimsindikiza kama bibi arusi.

Mlangoni aligeuka. Njambi alikuwa amebaki peke yake kule bombani, manyunyu yakimlowesha.

"Wewe Njambi!" Wilkister akapaza sauti. "Moto wangu umechukua, na chungu changu kimekukosea nini? Kuna nyoyo, mahindi na maharagwe, ile ninyi mnaita githeri. Ingia tule kabla Jared hajamaliza!"