Chapa ya Mtamba wa Ng'washi

Jumapili ile Masele alihubiri neno moja tu, na Ng'washi hakulipenda tangu lilipomtoka kinywani. Kharagma. Masele, mwinjilisti wa Mwamapalala na mdogo wa marehemu mume wa Ng'washi, alikuwa amelipata kwenye mafunzo Bariadi, na alilitamka kama mtu anayetafuna muwa mgumu. Ni Kigiriki, alisema. Ndiyo chapa ya yule mnyama wa Ufunuo, ile ambayo asiyekuwa nayo hanunui wala hauzi. Lakini neno hilohilo Wagiriki walilitumia kwa muhuri wa mfalme, na kwa alama ya moto kwenye ngozi ya mifugo. Basi chapa yenyewe msiiogope; hujibu swali moja tu, huyu ni wa nani.

Ng'washi alikunja uso. Kwa nini ahubiri hayo wiki ileile kijiji kimeamua ng'ombe wote wachomwe chapa? Tangu biashara iachiwe huria, malori ya wageni yalinunua ng'ombe kwa yeyote bila kuuliza wametoka wapi, na wezi walinenepa. Hilo alilielewa. Ila chapa ya ukoo ilikuwa mikononi mwa Masele, naye Ng'washi alikuwa na mtamba mmoja mwekundu, aliyemnunua kwa pamba yake mwenyewe mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kuja. Akichomwa chapa ya ukoo, atakuwa wa ukoo. Hapo mjane atamlalamikia nani?

Masele naye alijipalia makaa. Alikuja akamzunguka mtamba, akampapasa paja. Akaonekana kwa mhunzi. Siku nyingine akapita na chuma kimefungwa kwenye gunia, na alipoulizwa ni nini akacheka, akasema shemeji atakiona siku ikifika. Kicheko kile kilimkera Ng'washi kuliko tusi. Mtu anamwibia kwa Maandiko, halafu anacheka!

Akamwita kaka yake, Sayi, aje amswage mtamba hadi kwake Shishiyu kabla ya siku ya kuchoma. Masele aliambiwa kwamba mtamba amepelekwa kwa dume.

Haukupita muda, wezi wakavamia zizi la Sayi, wakaondoka na kundi zima. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walifuata nyayo hadi mnadani Bariadi. Ng'ombe wa Sayi walikuwa na chapa, akarudishiwa. Lakini mwenye lori aliapa kwamba yule mwekundu alimnunua kihalali, na neno la Sayi halikusikilizwa kwa kuwa ni kaka mtu. Ng'washi alipofika, Masele akiwa nyuma yake na gunia lake, bwana mifugo alimwuliza kwa upole, kama anayeongea na mama yake.

"Mayu, chapa yake ni ipi?"

Masele akafungua gunia, akatoa chuma kipya ambacho hakijawahi kuchoma ng'ombe. Haikuwa alama ya ukoo. Zilikuwa herufi za mwanzo za jina la Ng'washi na la baba yake mzazi.

"Ni yako peke yako, shemeji," alisema. "Nilitaka ukoo wote uone siku ile, asije mtu akakusumbua."

Bwana mifugo alikitazama chuma, kisha akalitazama paja la mtamba, laini, halina hata kovu. Akatikisa kichwa.

Mtamba akapakiwa kwenye lori la mnunuzi. Ng'washi alirudi Mwamapalala na chuma chake kichwani. Njia nzima alitamani Masele amtukane, naye Masele hakumtukana.